Uzi wa Kofia Tumboni mwa Paka: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Lamu

Kisa hiki kilitokea katika nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, Lamu, ambamo bibi mmoja hushona kofia za vito kwa mkono tangu ujana wake. Nilimwomba ruhusa ya kukiandika, naye akakubali kwa sharti kwamba jina lake na la nyumba yake yasitajwe. Mgonjwa ni paka jike wa karibu miaka miwili, mwenye mistari ya rangi ya mchanga, aitwaye Asumini. Alipofika kwangu alikuwa na uzito wa kilo 3.1. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu mambo matatu ambayo watu hufanya kwa nia njema paka anapomeza kitu kisicho chakula, yaani kumnywesha mafuta, kusubiri kitu kitoke chenyewe, na kuvuta ncha inayoonekana, yalifanyika au yalikaribia kufanyika katika muda wa saa 36, na kwa sababu mimi niliyemtibu nilichangia kumchelewesha.

Alhamisi baada ya Magharibi bibi aliiacha kazi yake juu ya mkeka, kofia ikiwa imeshonwa nusu, sindano ikiwa imetungwa uzi mrefu wa pamba, akaenda jikoni kutazama chungu. Aliporudi alimkuta Asumini akilamba midomo, na juu ya mkeka hapakuwa na uzi wala sindano. Mjukuu wake wa miaka tisa alikuwa ameketi mlangoni. "Nimeuona kwa mato yangu, bibi," akasema, "ulikuwa ukiingia kinywani kama tambi." Nyumba nzima ikaingiwa na hofu, na hofu yote ikawa ya sindano. Waliondoa mito, wakakunjua mkeka, wakamulika kwa tochi, na kabla ya Isha sindano ikaonekana imejichoma kwenye mshono kati ya kili mbili za mkeka, tundu lake likiwa tupu. Wakashukuru Mungu, wakaona balaa limepita.

Hapo ndipo kisa kilipopotea njia, na sioni haki kumlaumu mtu yeyote wa nyumba ile, kwani kila mwenye akili huogopa chuma chenye ncha kuliko uzi wa pamba. Lakini kwa paka mambo yako kinyume na tunavyoyaona kwa jicho. Sindano peke yake ni hatari, sikatai, ila zipo sindano zinazopita tumboni na kutoka bila kudhuru. Tena chuma huonekana wazi kwenye picha ya eksirei, hivyo mganga anajua mahali pa kukitafuta. Uzi hauonekani kwenye picha, haumchomi paka mara moja, na kwa siku ya kwanza waweza kumwacha akitembea kama kawaida, huku ukifanya kazi yake ndani.

Yafaa nieleze kazi hiyo. Ulimi wa paka umejaa miiba midogo migumu iliyoelekea nyuma, ile tunayoihisi kama msasa anapotulamba mkono. Miiba hiyo ndiyo inayomsaidia kuchana manyoya na kukwangua nyama kwenye mfupa, lakini kitu chembamba kikishaingia kinywani, kila anapousogeza ulimi ili akiteme, miiba hukisukuma ndani zaidi. Ndiyo maana paka aliyeanza kucheza na uzi huishia kuumeza wote, hata kama hakuutaka. Sehemu ya katikati ya uzi mara nyingi hunasa chini ya ulimi, pale kwenye kamba nyembamba inayoushikilia, au fundo lake hukwama kwenye mlango wa kutokea tumboni. Upande wa mwisho huendelea kushuka utumboni.

Utumbo hujikaza na kulegea kwa mawimbi ili usukume vilivyomo. Unapokutana na uzi ulioshikwa juu, hauwezi kuusukuma, bali wenyewe hupanda juu ya uzi, mkunjo baada ya mkunjo. Yeyote aliyewahi kushona gauni atanielewa haraka: ukishapitisha uzi kwenye kitambaa, ukaushika upande mmoja na kuuvuta, kitambaa hujikusanya kuwa marinda. Utumbo wa paka hufanywa marinda namna hiyo, na kwa kila wimbi uzi uliokazwa hukata ukuta wa ndani wa utumbo, upande ule unaopokea mishipa ya damu, kama msumeno mwembamba. Ukuta ukitoboka, uchafu humwagika tumboni, maambukizi huenea, na hapo hata upasuaji mzuri hauna uhakika wa kumwokoa.

Usiku ule wa Alhamisi jirani alishauri Asumini anyweshwe mafuta ya nazi ili uzi uteleze. Alishikwa, akamiminiwa kijiko kimoja kando ya mdomo, akakohoa kwa muda mrefu. Nimekutana na ushauri huu mara nyingi, na nasema kwa uwazi kwamba hauna faida katika hali kama hii. Mafuta hayawezi kuufungua uzi ulioshikwa chini ya ulimi. Yanachoweza ni kuingia mapafuni mwa mnyama anayepigana na mkono unaomshika, na mafuta yaliyoingia mapafuni huleta homa ya mapafu iliyo ngumu kutibika.

Ijumaa alfajiri alitapika povu, akatapika tena kulipokucha, na saa tatu asubuhi bibi akanipigia simu. Aliniambia kwamba paka anatapika na hataki samaki wake. Nilimwuliza kama amekula kitu kilichooza, kama kuna sumu ya panya nyumbani, kama anaharisha. Alijibu hapana kwa yote matatu. Nikamwambia aondoe chakula, amwachie maji, anipigie jioni ikiwa hali haijabadilika. Sikumwuliza swali ambalo lingenipa ugonjwa wote kwa sentensi moja: je, kuna kitu chochote kilichopungua au kilichopotea nyumbani tangu jana? Naye hakuutaja uzi kwa sababu, kwa hesabu yake, hatari ilikuwa sindano, na sindano ilikwisha kupatikana. Mganga wa wanyama hana mgonjwa anayeweza kumweleza yaliyompata. Mwenye mnyama ndiye ulimi wa mnyama, na huwezi kumlaumu kwa kutojibu swali usilomwuliza.

Jioni hakupiga, kwani kwa saa chache kutapika kulikoma, na hilo likachukuliwa kuwa nafuu. Ukweli ni kwamba tumbo lilikuwa tupu. Ishara zilizobaki zilikuwa zikisema mengine: alikuwa amejificha chini ya kitanda, ameketi amejikunja kwa miguu yote minne, haji akiitwa, mate yanamlowesha kidevu. Usiku mtu mmoja wa nyumbani alitaka apewe nusu ya kidonge cha parasetamoli ili alale. Bibi alikataa kwa kusitasita tu, hakuwa na sababu ya kitaalamu, na kusitasita kwake ndiko kulikomwokoa paka mapema kuliko mimi. Mwili wa paka hauwezi kuivunja parasetamoli kama wetu unavyofanya. Dawa hiyo huiharibu damu yake isiweze kubeba hewa, na nusu ya kidonge cha miligramu 500 inaweza kumuua paka wa kilo tatu.

Jumamosi saa moja asubuhi aliletwa ndani ya kikapu kilichofunikwa leso, mikononi mwa mjomba wa yule mtoto, kupitia vichochoro, kwa kuwa mji wetu hauna barabara ya gari ndani yake. Mtoto aliwafuata nyuma, naye ndiye aliyenisimulia habari ya uzi kabla sijauliza.

Nilipompima, joto lake lilikuwa nyuzi 39.0, ambalo liko ndani ya mpaka wa kawaida wa paka, kati ya 38 na 39.2. Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Ufizi ulikuwa mkavu na wenye kunata, na ngozi ya shingo niliyoivuta ilichelewa kurudi mahali pake, ishara kwamba alikuwa amepungukiwa maji kwa kadiri ya asilimia 7 ya uzito wake. Nilipolipapasa tumbo alikaza misuli na kulia, na katikati nilihisi utumbo umekusanyika kama kamba iliyoviringwa. Nilimfungua kinywa mara ya kwanza nisione kitu. Mara ya pili nilifanya kama inavyotakiwa: kidole cha gumba nikakiweka nje, chini ya taya, katikati ya mifupa yake miwili, nikasukuma juu ili shina la ulimi linyanyuke. Hapo nikauona, uzi mweupe uliolala katika mfereji mwekundu, umekwisha kuikata nyama chini ya ulimi kwa kina cha milimita moja au mbili. Hatua hii ya kidole cha gumba haichukui sekunde tano, na paka yeyote anayetapika astahili kufanyiwa. Ukimfungua kinywa na kutazama juu ya ulimi peke yake, hujamtazama.

Mjomba, aliyekuwa amemshikilia, aliuona pamoja nami, akanyosha vidole. "Daktari, si tuuvute tu? Ncha hii hapa." Niliushika mkono wake. Nilimwonyesha kwa kofia yenyewe ambayo mtoto alikuwa ameibeba: nikakamata uzi mmoja uliokuwa ukining'inia, nikauvuta kidogo, na kitambaa kizima kikajikunja. Akaurudisha mkono wake bila maneno mengine. Kanuni hii haina mlango wa nyuma. Uzi unaoonekana kinywani au unaochungulia chini ya mkia hauvutwi na mtu yeyote nyumbani, hata uonekane mfupi namna gani, kwa sababu urefu ulio nje haukuambii lolote kuhusu urefu ulio ndani. Ukichungulia nyuma, acha ulivyo, au ukiwa mrefu wa kumfanya aukanyage, uupunguze kwa mkasi bila kuuvuta, kisha mpeleke kwa mganga.

Palikuwa na njia tatu mbele yetu. Ya kwanza ilikuwa kuukata uzi chini ya ulimi na kusubiri upite wenyewe huku paka akitazamwa saa baada ya saa. Njia hii hufaulu kwa baadhi ya paka walioletwa mapema, wasio na maumivu ya tumbo wala dalili za maambukizi, na lau Asumini angeletwa Ijumaa asubuhi ningeipima kwa uzito mkubwa. Ya pili ilikuwa kumsafirisha kwa boti hadi Mokowe na kwa barabara hadi Malindi au Mombasa ili apigwe picha kwanza, kwani katika chumba chetu hakuna mashine ya eksirei. Picha isingeuonyesha uzi, ingeonyesha tu utumbo uliokusanyika na viputo vya hewa vilivyobanwa ndani yake, jambo ambalo mkono wangu ulikuwa umekwisha kulihisi, na saa zile za njiani zingekuwa saa za msumeno. Ya tatu ilikuwa upasuaji siku ile ile. Tuliichagua ya tatu, baada ya kumweleza bibi kwa simu kwamba paka anaweza kufia mezani, na kwamba asipopasuliwa atakufa kwa hakika iliyo kubwa zaidi.

Hatukukimbilia kisu. Paka aliyekaukiwa maji akipewa dawa ya usingizi, shinikizo la damu huporomoka, kwa hiyo saa tatu za kwanza zilitumika kumwingizia maji ya mshipani. Upungufu wa asilimia 7 kwa kilo 3.1 ni karibu mililita 220, mbali na mahitaji yake ya siku. Tulimpa sehemu kubwa ya kiasi hicho kabla ya upasuaji na iliyobaki wakati wa upasuaji na baada yake. Alipewa pia dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni kwa kipimo cha paka, na kiuavijasumu.

Kabla ya kufungua tumbo msaidizi wangu aliukata uzi chini ya ulimi, ili usiwe umeshikwa juu tutakapouondoa chini. Nilipofungua, utumbo mwembamba ulijitokeza umekunjwa marinda madogo madogo yaliyobanana, rangi yake nyekundu iliyoiva, na kwenye upande wa mishipa palikuwa na madoa mawili yaliyoanza kuwa meusi. Nilifungua tumbo la chakula kwanza, nikautoa uzi wa sehemu ya juu, ambao ulikuja kwa urahisi. Sehemu ya chini ilikataa. Hapa kishawishi cha kuvuta humpata hata aliyesomea kazi hii, kwa sababu mlango umekwisha kufunguliwa na uzi uko mkononi. Nikaukata pale pale, nikafungua tundu la pili utumboni, chini ya yale madoa, na kutoka hapo uliobaki ukatoka, marinda yakakunjuka moja baada ya jingine mbele ya macho yetu. Vipande vyote vikiunganishwa vilikuwa na urefu wa sentimita 71.

Madoa mawili ndiyo yaliyonichukulia muda mwingi kuliko kitu kingine. Ukuta wa utumbo uliokufa lazima ukatwe na kuondolewa, lakini ulioumia tu unaweza kupona, na kuutofautisha mmoja na mwingine ni kwa kutazama rangi, kuhisi mapigo ya mishipa yake, na kuona kama unajikaza ukiguswa. Tuliufunika kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi ya vuguvugu, tukasubiri kwa dakika kumi. Rangi ikarudi. Nikayaacha, nikayafunika kwa ule utando wa mafuta unaotanda juu ya matumbo, ambao hujishikiza kwenye jeraha na kuliziba, kisha tukayajaribu matundu tuliyoyashona kwa maji, tukaosha ndani, tukafunga. Kazi yote ilichukua saa moja na dakika ishirini.

Alipewa chakula siku iliyofuata, samaki wa kuchemsha aliyepondwa na kuondolewa miiba yote, kijiko kimoja kimoja. Zamani iliaminika kwamba utumbo ulioshonwa upumzishwe siku kadhaa bila chakula, lakini paka anayekaa bila kula hukabiliwa na hatari nyingine, mafuta kujaa iniini, hasa akiwa mnene, na utumbo wenyewe hupona vizuri zaidi ukipata lishe. Alikohoa kwa siku mbili, matokeo ya yale mafuta ya nazi, na mapafu yake niliyasikiliza asubuhi na jioni mpaka yalipokuwa safi.

Siku za hatari kwa utumbo ulioshonwa ni ya tatu hadi ya tano, wakati ambapo nyuzi za mshono zinabeba kazi yote na nyama mpya haijapata nguvu. Jumatano, siku ya nne, joto lilipanda hadi 39.7 na akakataa chakula cha asubuhi. Sikuwa na raha siku ile. Tumbo halikuwa limevimba wala halikuwa na maji, ufizi ulikuwa wa waridi, basi tukaendelea na dawa na kumpima kila saa mbili. Jioni joto lilishuka hadi 39.1, na alipotiliwa samaki alikula akasimama kuomba zaidi.

Kwa anayesoma akiwa na paka aliyemeza kitu hivi sasa, hatua ya kwanza ni kuandika saa aliyomeza na kutafuta kitu kinachofanana na kilichomezwa, au kipande kilichobaki, ili akichukue pamoja na paka. Asimtapishe. Maji ya chumvi yanaweza kumletea degedege na kifo, na ile dawa ya povu ya kuoshea vidonda huunguza tumbo la paka. Asimpe maziwa, mafuta wala dawa ya binadamu. Kitu kidogo, laini na cha duara, kama shanga ya plastiki, mara nyingi hutoka chenyewe kati ya siku moja na tatu, na mganga anaweza kushauri kusubiri, huku kila choo kikikaguliwa. Lakini uzi, utepe, mpira wa kufungia nywele na kamba iliyofungiwa nyama havisubiriwi, hata kama paka anakula na kucheza. Betri ndogo ya duara haisubiriwi hata saa moja, kwa sababu huunguza koo na tumbo ndani ya saa chache. Sumaku zikiwa mbili au zaidi hubana kuta za utumbo katikati yake na kuzitoboa. Na kwa sisi wa pwani, paka aliyemeza ndoana na mshipi umebaki nje ya mdomo, mshipi huo usikatwe karibu na mdomo wala kuvutwa. Ufungwe kwa ulegevu shingoni asiumeze, kwani ndio utakaomwongoza mganga kwenye ndoana.

Mshono wa nje ulitolewa siku ya 12, Alhamisi, katika daka la nyumba yao, kwa sababu Asumini alikuwa amekwisha kukichukia chumba changu. Bibi amepata kopo lenye kifuniko ambamo nyuzi zote huingia kila anapoinuka, hata akiinuka kufungua mlango tu, na mtoto ndiye aliyepewa kazi ya kukagua mkeka kabla ya kulala. Mwezi mmoja baadaye nilimpima tena paka: kilo 3.4. Katika daftari langu la simu nimeandika kwa kalamu nyekundu, juu ya kila ukurasa, lile swali nililolisahau Ijumaa, na sasa ndilo ninaloliuliza kabla ya yote.